Barafu ya Kusini na Anga la Umatengo

Ramani ya dunia ina maajabu yake, na moja ni hili: ukiushika mstari wa longitudo unaopita Mombasa ukaufuata kusini bila kukunja kona, unapita kando ya Pemba, unaambaa na Mafia na Kilwa, unakatiza Nampula kule Msumbiji, unatumbukia baharini karibu na Angoche, na kuanzia hapo ni maji matupu mpaka barafu ya Antaktika. Barafu inapoanzia, katika kisiwa kidogo cha Ongul Mashariki, ndipo Wajapani walipofungua kituo cha Syowa Januari 1957, wakati mataifa yakijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Kituo hicho kina rada mbili za mtandao wa SuperDARN, moja ya mwaka 1995 na nyingine ya 1997, na tangu 2011 kina kubwa lao, rada iitwayo PANSY, yenye antena 1,045 zilizosimikwa juu ya miamba na theluji. Kutoka Syowa hadi Mbinga, kwetu Umatengo mkoani Ruvuma, ni kama kilomita 6,500. Kutoka Mbinga hadi Tromsø, mji wa Norwei unaotajwa kila panapozungumzwa mianga ya ncha za dunia, ni karibu kilomita 9,000. Tumezoea kuiona sayansi ya ncha kuwa shughuli ya watu wa kaskazini ya mbali, kumbe jirani yetu katika jambo hili yuko kusini, tena kwenye mstari wetu wenyewe. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba anga la juu la Ruvuma haliwezi kueleweka bila rada zile za barafuni, na kwamba rada hizo zitatufaa nusu tu kwa muda wote ambao upande huu wa pili hauna chombo cha kupokelea kinachotoka huko.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Rada tunazozijua Tanzania ni zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na za karibu zaidi na Ruvuma ziko Mtwara na Mbeya. Hizo zinatafuta matone ya mvua, na mvua haina makazi juu ya kilomita 20. Angahewa haiishii hapo. Kuanzia kama kilomita 80 kwenda juu, mionzi ya jua inavunja chembe za hewa na kuziachia elektroni huru, na tabaka hilo lenye umeme, ayonosfia, hufika mamia ya kilomita. Kijiji chochote cha mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, kina ushahidi wake ndani ya redio ya betri. Mchana mawimbi ya kati hushika stesheni za karibu tu, kwa sababu sehemu ya chini ya ayonosfia inayameza mawimbi yanayopanda. Jua likishazama nyuma ya milima ya Malawi, sehemu hiyo ya chini hufifia upesi, mawimbi yanapita hadi tabaka la juu, yanarudishwa chini, na stesheni za nchi nyingine zinaanza kuingia, mbili tatu zikipigana vikumbo pale pale ambapo saa sita mchana palikuwa na mkwaruzo mtupu. Edward Appleton alilithibitisha tabaka hilo Desemba 1924 kwa kutumia mtambo wa BBC uliokuwa Bournemouth, na kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka mmoja baada ya jaribio lake, Gregory Breit na Merle Tuve wa Marekani walirusha mapigo mafupi ya redio juu na kupima muda wa mwangwi kurudi. Hiyo ni rada kwa kila hali, isipokuwa jina. Ayonosfia ilipimwa kwa mwangwi kabla ya ndege na meli za vita.

Kwa nini basi rada hizi zikaenda kukaa kwenye baridi? Jibu ni sumaku ya dunia. Mistari ya nguvu ya sumaku, ambayo juu ya Ethiopia imelala sambamba na ardhi, kule nchani inasimama wima na kuelekea anga za juu ambako upepo wa jua unapita. Upepo huo ukiipiga ngao ya sumaku, umeme wake unateremka kwenye mistari hiyo na kuisukuma ayonosfia ya ncha izunguke, kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, na siku za dhoruba zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. SuperDARN hupima mzunguko huo. Rada yake hutoa mawimbi mafupi ya kati ya megahezi 8 na 20, yanapinda ndani ya ayonosfia, na yanapokutana na mikunjo ya elektroni iliyolala kufuata mistari ya sumaku, sehemu ndogo ya nguvu hurudi ilikotoka. Masafa ya mwangwi yakiwa yamepanda au kushuka kidogo, unajua elektroni zinakuja au zinakwenda, na kwa kasi gani. Rada ya kwanza ya namna hii ilijengwa Goose Bay, Kanada, mwaka 1983 na kundi la Ray Greenwald. Leo ziko zaidi ya 30, kaskazini na kusini, kila moja ikitazama zaidi ya kilomita 3,000 mbele yake. Afrika imo pia: Afrika Kusini ina rada yake katika kituo cha SANAE IV, Antaktika, tangu 1997. Kule Tromsø, tangu 1981, rada za EISCAT hufanya kazi nyingine ngumu zaidi. Zinasikiliza mwangwi dhaifu mno wa elektroni zenyewe, na kutokana nao zinapima wingi na joto la kila kimo. Ukiunganisha kasi kutoka rada za kundi la kwanza na wingi kutoka za kundi la pili, unapata kiasi cha joto linalomwagwa kwenye hewa ya juu ya ncha. Joto hilo ndilo linalotuhusu.

Linatuhusu kwa sababu halikai lilipomwagwa. Kuna njia mbili za kusafiri kutoka ncha hadi kwetu, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya umeme: mvutano wa umeme unaosukuma ayonosfia ya ncha unaweza kupenya hadi ikweta ndani ya dakika chache, karibu papo hapo. Ya pili ni ya hewa: joto linaivimbisha hewa, linazaa wimbi kubwa linaloondoka kuelekea ikweta kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Kutoka kingo za Antaktika hadi Mbinga ni kilomita zaidi ya 6,000. Gawanya, utapata saa mbili na nusu. Wavuvi wa usipa wanalijua jambo hili kwa upande wao. Mwera, ule upepo wa kusini, unaweza kuwa unavuma mbali huku ufukwe wa Mbamba Bay umetulia, na mawimbi yakafika kabla upepo haujafika. Anayetazama ufukweni tu ataona mawimbi bila sababu. Mtafiti wa anga la juu anayetazama ikweta tu yuko katika hali hiyohiyo: anaona elektroni zimeongezeka au zimepungua ghafla, na hana wa kumuuliza.

Hapa Ruvuma ina nafasi ya pekee, na inastahili maelezo marefu kidogo. Kwa upande wetu wa Afrika ikweta ya sumaku haipiti Kenya, inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Juu yake, mchana, umeme wa ayonosfia unazinyanyua elektroni hadi mamia ya kilomita, kisha zinateleza chini kufuata mistari ya sumaku pande zote mbili na kurundikana nyuzi kama 15 kaskazini na nyuzi kama 15 kusini. Rundo la kaskazini linaangukia Uarabuni. La kusini linaangukia Tanzania, na vipokezi vya GPS vilivyosomwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam vimelionyesha. Ardhi yetu, kwa hiyo, iko chini ya sehemu yenye elektroni nyingi kuliko karibu kila mahali pengine duniani. Sasa Mbinga iko nyuzi 20 hivi kusini ya ikweta ya sumaku, yaani ukingoni mwa rundo, pale linapoanza kushuka. Siku ya kawaida ukingo unabaki kaskazini kidogo ya hapo. Siku ya dhoruba, umeme uliopenya kutoka ncha unazinyanyua elektroni juu kuliko kawaida, zinateleza mbali zaidi, na rundo lote linasogea kusini. Saa chache baadaye upepo uliozaliwa na joto la ncha unaweza kuugeuza umeme huo na kulirudisha rundo nyuma, au kulifuta kabisa. Hivyo Umatengo, Songea na mwambao wa Nyasa ni mahali ambapo mpaka huo hupita kwenda na kurudi. Dodoma mara nyingi iko ndani tu. Lusaka iko nje tu. Anayetaka kujua ncha imefanya nini kwa tropiki, hapa ndipo pa kuweka jicho.

Je, tofauti hizo zina uzito wowote nje ya karatasi za wanasayansi? Februari 3, 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink na kuziachia chini, katika kimo cha kilomita 200 na ushei, zipande zenyewe polepole. Siku iliyofuata dhoruba ya sumaku, tena ya kiwango cha chini, iliivimbisha hewa ya juu. Setilaiti 38 zilishindwa kupanda, zikarudi na kuungua. Joto lililozishusha lilikuwa limeingilia zaidi nchani, lakini hewa iliyozivuta ilikuwa imeenea kote. Na suala la hewa ya juu ni nzito au nyepesi kiasi gani juu ya tropiki lilianza kupimwa kutoka pwani yetu miaka 55 kabla. Aprili 26, 1967 Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walirusha San Marco 2 kutoka majukwaa yao ya baharini karibu na Malindi, na kazi kuu ya setilaiti hiyo ilikuwa kupima msuguano wa hewa dhidi ya umbo lake lenyewe. Na setilaiti hizo haziko mbali nasi: huduma ya Starlink ilianza Malawi mwaka 2023, ng'ambo tu ya ziwa. Zaidi ya hiyo kuna GPS. Mpimaji wa mashamba anayeandaa hati za kimila kwa kifaa cha mkononi cha masafa mamoja anategemea kifaa kikisie ucheleweshaji wa ayonosfia kwa kanuni ya wastani. Rundo likisogea isivyotarajiwa, wastani huo unakosea kwa mita kadhaa, na katika miteremko ya ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo, mita kadhaa ni ugomvi wa ndugu. Mei 10 na 11, 2024, katika dhoruba kali kuliko zote tangu 2003, wakulima wakubwa wa Marekani waliegesha matrekta katikati ya msimu wa kupanda kwa kuwa mitambo yao ya GPS ilipoteza usahihi.

Msomaji makini atasema: mbona unatoa mifano ya dhoruba tu? Dhoruba kubwa huja mara chache, na siku nyingine zote ayonosfia ya tropiki inaendeshwa na tropiki yenyewe. Ni kweli, na waandishi wengi wa mambo ya jua hulikwepa jambo hilo. Radi na mvua za bonde la Kongo hutoa joto linalotengeneza mawimbi makubwa ya hewa yanayopanda hadi kilomita 100 na kuamua umeme wa ayonosfia utakuwa na nguvu kiasi gani leo kuliko jana. Baada ya magharibi, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, yanazuka mapovu yasiyo na elektroni yanayozitikisa ishara za setilaiti, na hayahitaji ruhusa ya jua wala ya Antaktika. Hata hivyo pingamizi hili linadhani kwamba ncha hutufikia kwa njia ya jua pekee. Januari 2009 lilitokea jambo lililowashtua wataalamu. Jua lilikuwa limelala, katika miaka ya utulivu wake mkubwa, hakuna dhoruba ya kutajika. Stratosfia ya Aktiki ikapata joto la ghafla, mzunguko wake wa baridi ukapasuka vipande viwili. Rada ya Jicamarca, karibu na Lima, Peru, iliyoko kwenye ikweta ya sumaku na kufanya kazi tangu mwanzo wa miaka ya 1960 kwa uwanja wa antena 18,432, iliona elektroni zinanyanyuka kwa nguvu asubuhi na kuzama mchana, siku baada ya siku. Vipokezi vya GPS vya Amerika Kusini viliona wingi wa elektroni wa asubuhi ukipanda kwa zaidi ya nusu. Kilichobadilika kilikuwa hali ya hewa ya ncha, si jua. Profesa Kaoru Sato wa Chuo Kikuu cha Tokyo, kiongozi wa PANSY, amekwenda mbali zaidi: tangu 2016 ameunganisha rada za nchi nyingi kufuatilia jinsi joto hilo la Aktiki wakati wa baridi linavyoibadilisha hewa ya Antaktika, ambako ni kiangazi, katika kimo cha kilomita 80 hadi 90. Habari haiwezi kutoka ncha moja hadi nyingine bila kupita juu ya vichwa vyetu.

Wapo watakaosema GPS inatosha: vipokezi tayari vipo, ni nafuu, na vimeshatuonyesha rundo la kusini. Vipokezi hivyo ni vizuri na viongezwe. Lakini vinahesabu jumla ya elektroni kati ya ardhi na setilaiti, basi. Havisemi elektroni ziko kimo gani, wala zinakwenda wapi. Ukiona jumla imepungua juu ya Songea saa tisa alasiri, huwezi kujua kama rundo limerudi kaskazini, limeshushwa na upepo, au limeliwa na mabadiliko ya hewa. Tofauti ya maelezo hayo matatu ndiyo tofauti kati ya utabiri na ubashiri wa mganga. Kasi na kimo vinahitaji mwangwi. Afrika Mashariki iliwahi kuwa na chombo cha namna hiyo. Kati ya 1968 na 1970 wanasayansi wa Kisovieti waliendesha rada ya vimondo Mogadishu, wakipima upepo wa kimo cha kilomita 80 hadi 100 kwa kufuata njia za vumbi la angani linapoungua. Vipimo vyao vikawa miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya upepo wa kimo hicho kwenye ikweta. Kisha mitambo ikafungwa, watu wakaondoka. Huo ni mtindo wa zamani wa sayansi ya kigeni katika ardhi yetu, na haukuacha fundi wala mwanafunzi wa kutosha nyuma yake. Ni sababu nzuri ya kutaka chombo kinachomilikiwa na chuo cha hapa.

Linabaki suala la gharama, ambalo katika wilaya ya wakulima wa kahawa si la kupuuzwa. Zahanati inayokosa dawa haiwezi kuambiwa isubiri ayonosfia. Nakubali, na ndiyo maana sipendekezi Jicamarca nyingine. Rada ya vimondo ya siku hizi ni antena moja ya kurushia na tano za kupokelea, zilizopangwa msalaba katika uwanja unaolingana na wa mpira, na inafanya kazi usiku na mchana kwa kuwa vimondo havikatiki. Ayonosonda, mrithi wa mtambo wa Breit na Tuve, ni kibanda, mlingoti na kompyuta. Afrika Kusini ina ayonosonda nne, Hermanus, Grahamstown, Louisvale na Madimbo, na Novemba 2022 ilizindua kituo cha hali ya anga za juu Hermanus kinachofanya kazi saa 24 na kuhudumia usafiri wa ndege barani. Ayonosonda yake ya kaskazini kabisa, ya Madimbo, iko mpakani mwa Zimbabwe. Kituo kile kinatutabiria sisi pia, kikiwa na macho yaliyoishia Limpopo. Umeme hautakuwa kisingizio, maana njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako imeshafika Songea.

Upande wa barafuni hautudai kitu: data za SuperDARN, za Syowa na SANAE zikiwemo, ziko wazi kwa watafiti, na kijana wa fizikia mwenye intaneti Songea anaweza kuziona dhoruba zikianza nchani. Serikali na vyuo vyetu vianze na ayonosonda moja na rada moja ya vimondo. Visiwekwe Dar es Salaam kwa sababu tu ofisi ziko huko. Viwekwe kusini, Songea au juu Umatengo, ambako ukingo wa rundo unapita, na vikabidhiwe kwa chuo kitakachoajiri mafundi wa kudumu kabla ya kununua antena ya kwanza.